Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Dodoma

YAH: KAMERA ZA KUSOMA NAMBA ZA MAGARI KWENYE SHELI

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Niliendesha teksi Birmingham, Uingereza, kabla ya kurudi nyumbani Tanga. Majuzi, kwenye sheli ninayojaza mafuta, nimemkuta muuza vifaa vya ulinzi akinadi kamera za kusoma namba. Akamwambia mwenye sheli kwamba baadaye zitaunganishwa na polisi. Nikaona nikuandikie mapema.

Kule niliwahi kununua gari lililotumika. Wiki ya kwanza tu, nimeshachomeka bomba kwenye tangi, pampu haitoi. Kipaza sauti kikaita: ingia ndani ulipe kwanza. Foleni nzima ikanigeukia. Kaunta wakasema gari langu lina deni, kuna siku lilijaza likaondoka bila kulipa. Siku hiyo gari lilikuwa bado mali ya mtu mwingine. Kijana wa kaunta alinielewa vizuri, ila hakuwa na uwezo wa kuifuta namba. Nani anao? Hakujua.

Kamera iliyosoma namba yangu haikukosea hata herufi moja. Kosa lilikuwa kwenye orodha ya magari yanayodaiwa.

Sasa hapa kwetu gari linauzwa kwa mkataba wa mkono, linapita kwa watu watatu, kadi bado ina jina la wa kwanza. Deni la trafiki angalau unalikagua kwa simu kabla hujatoa hela. Orodha ya sheli utaikagulia wapi?

Isitoshe, Waingereza wana sababu ambayo sisi hatuna. Kule dereva anajaza mwenyewe ndipo aende kulipa, kwa hiyo wapo wanaokimbia. Hapa anayejaza ni mhudumu, na hachomoi bomba kabla hajajua hela iko wapi. Tusinunue dawa ya ugonjwa wa jirani.

Na kamera ikishasimama, kazi yake huongezeka. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza iliripotiwa kufikiria kuzitumia kamera za sheli kuyanyima mafuta magari yasiyo na bima. Miaka miwili kabla ya hapo, Sparkbrook na Washwood Heath, mitaa ya Birmingham yenye Waislamu wengi, zilifungwa kamera zaidi ya 200, nyingi za kusoma namba, na 72 zilifichwa. Wakazi waliambiwa ni za kupambana na uhalifu. Fedha zilitoka kwenye mfuko wa kupambana na ugaidi. Siri ilipofichuka polisi waliomba radhi, na mwaka 2011 ziling'olewa. Abiria wangu wengi walikuwa wa mitaa hiyo. Mzee mmoja alikuwa akiinamisha kofia kila tukipita chini ya nguzo zile, hata baada ya kuambiwa hazifanyi kazi.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inanipa haki ya kuomba taarifa zangu na kutaka zirekebishwe. Najua pia inawaachia polisi mlango kwenye mambo ya uhalifu na usalama. Mlango huo haukutobolewa kwa ajili ya mwenye sheli. Ninachokuomba ni utamke hadharani, kabla vifaa havijafungwa: mwenye sheli anayesoma namba ni mkusanyaji wa taarifa binafsi, ajisajili kwenu kama wengine? Picha zitakaa siku ngapi? Polisi wa Uingereza wanakaa nazo hadi miezi 12, na hao ni polisi. Nani anaingiza namba kwenye orodha, na nikiikuta yangu humo, naenda ofisi gani, nikiwa na karatasi gani mkononi?

Swali hilo la mwisho ndilo hasa. Nikipata jibu lake, mengine nitavumilia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva mstaafu, Tanga