Barua ya wazi kwa Kabidhi Wasii Mkuu: Fungu la binti yangu litashikwa na nani?

Ndugu Kabidhi Wasii Mkuu,

Yah: Vyumba viwili vya binti yangu

Assalaam aleykum. Mimi ni mjane wa miaka 68, mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga. Nina nyumba moja ya vyumba sita niliyoijenga kwa kiinua mgongo na fedha za kikundi, na nina watoto wawili. Wa kwanza ni dereva wa lori, ana familia yake. Wa pili ni binti wa miaka 31 mwenye ulemavu wa akili.

Huyu binti anafua, anafagia uwanja, na adhana huisikia kabla yangu. Hesabu ndiyo hamna. Noti anazijua kwa rangi tu. Mwaka jana nilimwachia misimbazi miwili, noti za elfu kumi kumi, ya kodi ya mpangaji nikaenda kuzika. Niliporudi nilimkuta kavaa kofia ya mtoto mchanga, imemkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha birika, na furaha tele. Muuza mitumba alikuwa amemsifia nywele.

Ofisi yako ya RITA, ile inayotupa vyeti vya kuzaliwa, hutuhimiza tuandike wosia, tena mnatutunzia. Nikashawishika. Nilipoanza kuandika nikagundua kuwa shida yangu si nani apewe. Hilo dini imeshanigawia: hakuna wasia kwa mrithi, na kaka mtu atachukua mara mbili ya dada yake. Maana yake fungu lake ni theluthi ya nyumba, vyumba viwili. Kimoja alale, kingine apangishe, leo ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Zinatosha unga, mchele kidogo, sabuni na dawa za kifafa. Sina ugomvi na mgawanyo huo. Swali langu ni nani atakayeipokea hiyo 40,000 na kuhakikisha inageuka unga.

Nimeuliza kila mahali. Sheikh akanishauri hiba, nimpe nyumba nzima ningali hai, maana kaka yake hana kinyongo. Lakini hiba haitimii mpaka mtu akabidhiwe. Akabidhiwe nani? Mimi, kwa niaba yake. Na hapa anayejiandaa kufa ni mimi!

Benki nilikwenda naye tumfungulie akaunti. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, akampa fomu na kalamu. Binti akachora duara, akaweka nukta katikati. Akaambiwa arudie pale chini. Akachora kuku. Mzuri kweli, ana mpaka kucha. Fomu ikarudishwa, tukaambiwa saini hazifanani. Nikasema nisaini mimi, ni mwanangu. "Mama, huyu ni mtu mzima."

Ni kweli, ni mtu mzima. Chini ya miaka 18 hakuna aliyenihoji uzazi wangu. Alipoivuka tu, kwenye makaratasi nikawa jirani.

Wakili mmoja akanielekeza kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayozungumzia mahakama na mali ya mtu mwenye maradhi ya akili. Mwanangu si mgonjwa, Ndugu Kabidhi. Hivyo ndivyo alivyozaliwa. Sitaki apitishwe mlango wa wagonjwa ili apate kula kodi ya chumba chake. Wengine wananifariji kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inabatilisha mkataba wa mtu asiyeweza kuelewa anachokubali. Sawa, lakini batili hiyo haijitangazi yenyewe. Lazima awepo mtu wa kwenda kuidai mahakamani. Mtu huyo ndiye ninayemtafuta.

Msimamizi wa mirathi? Huyo kazi yake ina mwisho. Sheria ya mirathi, Sura ya 352, inampa miezi 6 kuorodhesha mali na mwaka 1 kutoa hesabu. Akishagawa, amemaliza, anarudi kwake. Binti yangu anaweza kuishi miaka 30 baada ya hapo.

Na huyo msimamizi atatoka kwenye kikao cha ukoo. Ninamjua watakayempendekeza, ana kauli nzuri na kanzu safi. Binti yangu akimwona anaingia, anabeba sahani yake na kwenda kula jikoni. Sijui kwa nini, na sijawahi kumwona akimkimbia mgeni mwingine. Hakuna muhtasari wa kikao utakaoandika habari ya sahani. Lakini nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na ibara ya 12 ya mkataba ule inasema mtu asaidiwe kuamua, matakwa yake yaheshimiwe. Mimi naihesabu ile sahani kuwa ni kauli yake.

Sasa nije kwako. Nimeambiwa kumbe ofisi yako ni zaidi ya vyeti vya kuzaliwa na wosia. Ndani yake kuna Mdhamini wa Umma, yaani sheria inamtambua mtu wa serikali anayeweza kushika mali kwa faida ya mwingine. Nimefundisha miaka 34 na sikulijua hilo. Wazazi wenzangu tunaokutana kliniki ya kifafa hawalijui pia. Tunazijua bodi za wadhamini za misikiti, makanisa na vyama. Mimi sina chama. Nina nyumba moja na mtu mmoja.

Kwa hiyo naomba utujibu hadharani, si mimi peke yangu. Je, vyumba viwili vinapokelewa, au mali lazima iwe kubwa? Ada ni kiasi gani, na itakatwa kwenye hiyo 40,000? Naweza kumtaja mjomba anayempenda awe anampelekea matumizi, ninyi mkabaki kumkagua kila mwaka? Atakuja mtu nyumbani kumtazama mwenyewe, afungue debe la unga, au mtaishia kwenye karatasi? Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya walirekebisha sheria yao ya wadhamini mwaka 2021 ili amana ya familia, yaani mali inayoshikwa na wadhamini kwa faida ya wanafamilia, itambulike. Kama kwetu njia ipo, ichapeni kwenye karatasi moja ya Kiswahili, mbandike kwenye kliniki na kwa watendaji wa kata. Kama haipo, mwambieni Waziri wa Katiba na Sheria kwamba haipo.

Wosia wangu uko ndani ya bahasha, chini ya godoro. Sehemu ya jina la mshikaji nimeiacha wazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama mwenye nyumba,
Tanga