Daftari la mchango ninalo mimi, na sasa siri nayo ninayo mimi

Anti, shikamoo.

Ni saa tisa za usiku, simu nimeipunguza mwanga ili mwenzangu asiamke. Nitaandika bila mpangilio, nivumilie. Jumapili kwenye kikao shemeji mkubwa alisimama mbele ya watu kumi na saba akauliza 387,000 za mchango wa matibabu ya figo ya shemeji yangu mwingine ziko wapi. Akaongeza kwamba mke wa kuja hawezi kushika hela za ukoo bila kulamba kidole. Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka, lakini naye hakusema kitu.

Nakuandikia zilivyo, maana kikaoni sikupewa nafasi. 214,000 ni makato ya kutoa hela kwenye simu. Watu wanatuma 10,000 kavu, hawaweki ya kutolea, na kwenye orodha lazima uwaandike 10,000 kamili, ukiandika pungufu ni ugomvi. 58,000 ni makato ya benki na ada za kuhamishia hospitali. 65,000 nilimrudishia mtu ambaye mtandao ulikwama akatuma mara mbili, muamala wa kurudisha ninao. 50,000 ni ya watu wawili walioleta skrinshoti kwenye kundi, mwenyekiti akawawekea tiki, ila kwenye taarifa ya miamala hela hiyo haijaingia mpaka leo. Mmoja wao ni mtoto wa huyo huyo aliyesimama. Nilinyamaza kwa heshima. Sasa jumlisha mwenyewe.

Sikuomba kazi hii. Nilipewa kwa sababu nashika daftari la vikoba mtaani kwetu, na mwezi wa kwanza mambo yalikuwa yameshaharibika. Michango ilikuwa inaingia kwenye laini ya shemeji mkubwa, laini anayofanyia biashara. Laini ya namna hiyo ina matatizo mawili. Hela ya mgonjwa na hela ya saruji zinakaa pamoja, hakuna anayeweza kuzitenganisha. Halafu kama mwenye laini anadaiwa ule mkopo wa simu wa kumalizia muamala, mchango ukiingia tu unakatwa kulipa deni, na aliyetuma ana meseji kwamba imefika. Mimi ndiye niliyesema isajiliwe laini mpya ya kazi hiyo tu, na kila Ijumaa kilichoingia kihamie akaunti ya benki ya watia saini watatu, wawili wakisaini ndiyo hela inatoka. Na hela haitoki kwa mkono wa mtu. Hospitali inatoa kontroo namba, tunalipia hiyo, risiti inabandikwa kwenye kundi.

Hata orodha ilikuwa kila mtu ananakili, anaongeza jina lake chini, anabandika. Wawili wakibandika kwa pamoja, mmoja anafuta jina la mwenzake bila kujua. Shangazi wa Tanga alipotea hivyo, na 100,000 zake, ikawa kelele wiki nzima. Nikasema orodha inabandikwa na mtu mmoja, mara moja kwa siku, saa tatu usiku, na kila jina lina tarakimu nne za mwisho za muamala. Tangu hapo hajapotea mtu. Lakini siku ya kikao hayo hayakutajwa, ilitajwa 387,000.

Basi hesabu ni hii. Ahadi ni 41,350,000. Zilizoandikwa kwamba zimelipwa ni 23,180,000. Ahadi za kikaoni ni za kikaoni, Anti, unazijua. Mtu anaahidi milioni akiwa ameshika soda, kesho ukimpigia yuko porini hakuna mtandao. Waliolipa vizuri ni wa 5,000 na 10,000, na wale ambao niliwagawia ahadi yao kwa mafungu ya mwisho wa mwezi. Kwenye wiki kumi na tatu tumetumia hivi: kusafisha damu mara thelathini na tisa kwa 180,000 ni 7,020,000. Sindano za kuongeza damu ishirini na sita, 30,000 moja, ni 780,000. Kutengeneza mshipa wa mkononi wa kusafishia damu 850,000. Vipimo vya mgonjwa na vya mtoaji 3,460,000. Nauli na chumba cha jirani na hospitali 600,000. Ukitoa na zile 387,000 ninazotukaniwa, benki inabaki 10,083,000. Na ndivyo benki inavyosoma, hata shilingi haijapungua.

Naeleza yote haya kwa sababu watu wanadhani hela imekaa. Haijakaa. Kusafisha damu peke yake ni kama 2,340,000 kwa mwezi, ongeza sindano, hizo milioni kumi miezi minne hazifiki. Bima yake ilikufa mkataba wa kazi ulipokwisha. Nilishauri twende ofisi ya ustawi wa jamii pale pale hospitali na barua ya mtendaji, tuombe msamaha hata wa sehemu. Baba mdogo akasema ukoo wetu si wa kuombaomba. Sisi ambao picha ya mgonjwa wetu na mpira wa kusafishia damu shingoni iko kwenye simu za nusu ya nchi.

Na ile picha nilikataa. Watu wasio na haya wanaichukua, wanafuta namba yetu wanaweka yao, hela ya mgonjwa inakwenda kwa tapeli. Tumeshakuta mbili za hivyo. Sasa tangazo lina jina la usajili la laini kwa herufi kubwa, na tunaandika kabisa kwamba jina lisipotokea hivyo usitume.

Kuna mambo ya matibabu ambayo nayo nalaumiwa. Wanauliza kwa nini tunanunua sindano wakati kuna damu ya bure ya kuongezewa. Daktari alitueleza, tena kwa Kiswahili chepesi: mtu anayesubiri kupandikizwa figo akiongezewa damu mara kwa mara, mwili unajifunza kupigana na vitu vya watu wengine, halafu siku ya kupimanisha damu yake na ya mtoaji inakataa. Hiyo 30,000 ndiyo inalinda milioni zote. Wakauliza pia kwa nini tulilipia mkono wakati mpira wa shingoni upo. Mpira wa shingoni ni wa muda, unaleta maambukizi, mshipa wa mkono ndio wa kudumu, ila unahitaji wiki kadhaa ukomae kabla ya kuchomwa, kwa hiyo huwezi kungoja mpaka mpira uharibike. Mama mkwe aliposikia mshipa huo unaitwa "fistula" alilia akidhani ni ile ya akina mama.

Baba mdogo yeye wimbo wake ni India. Nimemwambia Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017, na Benjamin Mkapa pale Dodoma 2018, hatuko tena zama za lazima upande ndege. India kuna gharama ya hospitali, viza ya mgonjwa, viza za wasindikizaji, chumba cha wiki nyingi, na hati ya ubalozi kuthibitisha kwamba mtoaji ni ndugu kweli. Bajeti ya hapa tuliyopewa ni 35,000,000 pamoja na dawa za miezi ya mwanzo. Za India ni zaidi ya mara mbili. Na popote utakapokwenda, dawa za kuzuia mwili usiikatae figo ni za maisha yote. Hilo hakuna anayelichangia, watu wanachangia upasuaji.

Sasa nimefika.

Kwenye tangazo letu juu kabisa, kabla ya namba ya simu, kuna maneno haya: "Mtoaji wa figo amepatikana, kilichobaki ni fedha." Hayo maneno niliyatunga mimi. Na yanafanya kazi, kabla yake tulikuwa tunapata laki kwa wiki, baada yake milioni.

Mtoaji ni wifi yangu mdogo. Alhamisi wiki iliyopita alinipigia, akasema wifi, mimi sitaki tena. Ana mchumba, mahari imetolewa nusu, upande wa mwanaume wamesikia habari za figo wameanza kuuliza maswali. Anaogopa kisu, anaogopa habari za mimba. Daktari alishakaa naye peke yake akamwambia hata akiwa ameshalazwa anaweza kusema hapana, na wao wataiambia familia tu kwamba vipimo havikuruhusu, basi, hakuna atakayejua. Lakini hajaenda kumwambia daktari. Ameniambia mimi. Akaniapisha.

Simlaumu. Sitaki mtu amlaumu. Figo haitolewi kwa kusukumwa, na hospitali wakigundua amesukumwa wanamkataa wenyewe. Lakini Anti, tangu Alhamisi simu ikilia kwamba hela imeingia, tumbo linanikata. Jana umeingia mchango wa 3,000, na ya kutolea juu yake, wa yule mama wa vitumbua wa karibu na kwa mama mkwe. Yeye ndiye wa kwanza mwezi mzima kukumbuka ya kutolea. Nimeandika jina lake kwenye orodha chini ya maneno yale yale, mtoaji amepatikana.

Usiniambie nimedanganya. Nilipoyaandika yalikuwa kweli. Na hela haipotei, damu inasafishwa kwa hela hiyo hiyo, mgonjwa akikosa hata mara mbili maji yanapanda kwenye mapafu, tulishaona. Nimefikiria nibadilishe liwe "msaada wa matibabu ya figo" tu, ambayo ni kweli kwa vyovyote. Lakini siku nikibadilisha, shemeji mkubwa atakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini, na baada ya 387,000 unadhani ataamini jibu gani? Nikinyamaza, siku ikijulikana watasema nilijua nikaendelea kukusanya. Wataniita mwizi kwa jambo ambalo safari hii kidogo watakuwa na haki.

Nimeshaamua kurudisha daftari. Nimeliandikia hesabu, nimefunga na mpira, liko kabatini. Ila simwoni wa kumpa. Shemeji mkubwa sitampa, laini yake ile ya saruji. Baba mdogo atapeleka zote India kwa tiketi. Kwa hiyo bado ninalo, na sidhani kama nitalitoa.

Kuna kitu kingine, nacho ni kidogo. Mgonjwa ni grupu B. Anapokea kwa B au O. Shemeji mkubwa ni A, ametoka hapo. Mama mkwe ni B lakini ana sukari, hawezi kutoa. Wifi mdogo ni O. Na mume wangu ni O. Hakupimwa zaidi ya hapo kwa sababu wifi alijitokeza mapema, tukasema atoshe mmoja, kuokoa gharama za vipimo. Pendekezo lilikuwa langu. Wakati ule niliona ni hesabu tu, na kweli vipimo vya mtoaji si mchezo, vya damu, vya tishu, picha ya mishipa ya figo zote mbili, kila kimoja na bei yake.

Hapa kwetu hakuna figo ya maiti na kununua ni kosa, ni ndugu tu. Kwa hiyo wifi akitoka, macho yote yanahamia upande mmoja wa kitanda hiki ninachoandikia. Namjua. Ukimwambia, atasema ndiyo kabla hujamaliza kusema. Ni fundi ujenzi, anabeba zege ghorofa ya tatu, tuna watoto watatu, mdogo hajaanza shule. Wanasema mtu anaishi vizuri na figo moja, nami nimewaeleza watu hivyo kwa kinywa changu, mara ngapi, nikimtetea wifi atoe. Lakini wiki zile asizoruhusiwa kunyanyua kitu, nani analisha nyumba? Kwenye ile bajeti ya 35,000,000 mstari wa chakula cha familia ya mtoaji haupo. Nimeitafuta nafasi ya kuuweka usiku huu huu, nikajiona mbaya, nikaufuta.

Si kwamba nakataa. Shemeji mgonjwa nampenda, ndiye aliyenibebea masanduku siku naolewa. Sinyamazi kwa sababu ya mume wangu, nanyamaza kwa sababu niliapa. Naomba unielewe hapo. Nilimwambia wifi arudi kwa daktari aseme mwenyewe, apate ile njia ya heshima ya vipimo havikuruhusu, lakini kila nikimkumbusha anasema wiki ijayo, nami, Mungu anisamehe, simkazanii.

Swali langu ni hili la 387,000, nijibuje kwenye kundi bila kumtaja mtoto wa mtu. Na kama una neno juu ya haya mengine, niambie. Kesho saa tatu usiku natakiwa kubandika orodha. Majina ninayo, tarakimu ninazo. Pale juu, kwenye mstari wa kwanza, niandike nini?

Mke wa kuja, Morogoro