Barua ya wazi kwa Liwali wa Rasi Pacha: turudishie taa ya mnara

Kwako Mheshimiwa Liwali wa Koloni ya Rasi Pacha,
Nyumba ya Kilimani.

YAH: TAA YA MNARA WA MLANGO WA PAPA

Mheshimiwa, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakunywa chai, na upepo wa kilimani unakupepea vizuri. Sisi wa huku chini gatini hatujambo, isipokuwa wale ambao hawapo tena kujibu salamu.

Najua Liwali haandikiwi hivi. Utaratibu ni kumpelekea karani wa forodha, karani ampe katibu wako, katibu akuwekee mezani. Nimeufuata utaratibu huo mara 3. Mara ya kwanza karani alinigongea muhuri, nikarudi nyumbani nimefurahi kama niliyeshinda kesi. Mara ya pili akaniambia ile ya kwanza haijulikani ilipo. Mara ya tatu nikamkuta anakula karanga, na karatasi iliyofungiwa karanga ina mwandiko wangu. Basi hii ya nne nimeipigilia misumari kwenye mlango wa soko la samaki, na kila jioni naisoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Karani akitaka nakala ya karanga zake, aje aibandue mwenyewe.

Kwa kuwa huko juu mnatujua kwa hesabu tu, nijitambulishe. Mimi ni mpasua chaza. Nakaa mchangani tangu alfajiri na kisu kifupi kisicho na ncha, nikiwafungua chaza waliolazwa nje mpaka wakafa wakanuka, maana aliye hai hafunguki bila vita. Unapenyeza kisu, unakata msuli, unapapasa nyama kwa kidole gumba. Naweza kupasua chaza mia kadhaa kutwa nzima nisipate kitu. Nikipata, ni punje kama ya mtama, na msimamizi aliyesimama mgongoni kwangu ameshaiona kabla yangu. Vidole vyangu vimelika. Mwaka juzi karani alipotaka nitie dole gumba kwenye daftari, lilitoka doa tu, akaniambia hakuna ushahidi kuwa mimi ni mimi.

Mdogo wangu ni mzamiaji. Hushuka na jiwe mguuni na kibano cha pembe puani, kwa pumzi moja, mshika kamba juu akihesabu. Sikio la kushoto lilimpasuka akiwa na miaka 15. La kulia likafuata. Ukitaka kumwita sasa, umguse bega. Naomba uliweke hili akilini, nitalirudia.

Mheshimiwa, siku uliyofika hapa ulisimama gatini, kijana mmoja akikushikia mwavuli, ukatuahidi mambo manne. Nayakumbuka kwa sababu nilikuwa mbele kabisa, tena nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka siku 2. Ulituahidi kisima cha maji baridi, mganga wa kudumu, mizani ya halali, na gati jipya. Kisima kilichimbwa, nasema ukweli, na maji yake yalikuwa matamu kwa msimu mmoja. Mganga alikuja, akatutazama, akapanda meli ileile iliyomleta. Mizani ipo. Kuhusu mizani sisemi zaidi, nina watoto.

Gati ndilo lililotufikisha hapa. Mikoko yote ya hori ilikatwa ili iende ng'ambo kuwa boriti. Wazee wetu walikuja kilimani kukuambia kwamba mikoko ndiyo inayoshika tope na kuzuia bahari isile nchi, nawe ukawapa kila mmoja kitambaa cha kilemba. Baada ya mikoko kuisha, tope likaanza kutembea. Limejaa gatini. Bahari nayo ikasogea, ikala makaburi ya upande wa kusi, ikaingia kisimani kwako, na leo maji yake ni ya kupikia tu, tena huhitaji kutia chumvi. Ukiyatazama hayo unaweza kusema ni mambo mbalimbali. Sisi tunaona ni jambo moja.

Kwa sababu ya tope hilo, mashua iliyosheheni haiwezi kuingia gatini maji yakiwa ya kawaida. Lazima isubiri bamvua. Na bamvua la kutosha kweli ni lile la Bibi na Mjukuu, miezi yetu miwili inapokutana angani na kuivuta bahari pamoja. Bamvua hilo hujaa usiku wa manane. Usiku huo maji huufunika mwamba wote, mawimbi hayavunjiki juu yake, hivyo hauuoni wala huusikii. Nahodha ana kitu kimoja tu cha kushika: taa ya mnara. Anaiweka sawasawa na omo, anaingia Mlango wa Papa. Akikosea kidogo tu upande huu au ule, amekwisha. Babu yangu aliingia hivyo. Baba yake naye.

Taa yenyewe ilikuwa lulu ya usiku, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, na hakuna anayejua ilitoka kwenye chaza gani wala ilipandishwa mnarani mwaka gani. Mlinzi wa mnara alikuwa anaimwagia kata moja ya maji ya bahari kila magharibi, nayo inawaka mpaka kuche. Ndiyo mafuta yake hayo. Ukiikosesha maji ya bahari siku mbili tatu inafifia, ukiimwagia ya mvua inazimika kabisa. Ndiyo maana meli zenu zinaondoka hapa na lulu zetu kwenye makasha na maji yetu kwenye mapipa, mitaa ya ng'ambo ipate kuwaka. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hata bahari mnatuchukulia. Sijalalamika juu ya mapipa. Bahari ni kubwa.

Lakini ile moja ilikuwa ya mnara.

Ilitolewa mchana kweupe. Askari wawili walipanda na kasha lenye mchanga mbichi, wakashuka nalo. Mlinzi akaomba karatasi, akaambiwa italetwa. Huu ni msimu wa 3. Mpaka leo yule mzee hupanda ngazi kila magharibi na kata yake ya maji, anayamwaga kwenye kibao kitupu, anashuka. Watoto wanamcheka. Mimi nilikuwa namcheka pia.

Kwa nini ilitolewa? Gatini majibu ni mengi. Wapo wasemao ilikwenda kupamba arusi ya watu wakubwa ng'ambo. Wapo wasemao ililipa deni la vita ambavyo hatujui vilipiganwa wapi. Mimi nadhani, na nasema nadhani, usije ukanifunga kwa kudhani, kwamba mwaka ule mavuno yalipungua, hesabu ya kasha ikakosa moja, na mtu mmoja akatazama dirishani akaiona iliyo karibu. Huenda hukuwa wewe. Huenda uliletewa karatasi ukatia sahihi huku unaongea na wageni. Sijui. Ninachojua ni kwamba ilipotoka haikurudi.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe.

Bamvua lililopita la Bibi na Mjukuu, mashua 4 zilikuwa nje zikisubiri maji. Tatu ziliamua kulala huko mpaka asubuhi, ingawa asubuhi hakuna maji ya kuingilia, kwa maana hiyo zingekaa nje mpaka bamvua jingine na maji ya kunywa yameisha. Ya nne ilikuwa na mdogo wangu. Nahodha wake alitazama pwani, na unajua aliona nini? Aliona taa. Rangi ileile ya maji ya kina kirefu, juu, imetulia, haipepesi kama moto wa kuni. Akapiga kelele kwamba mnara umewashwa. Wakaimba, Mheshimiwa. Mdogo wangu hakusikia wimbo lakini aliona midomo yao. Wakaishika ile taa omoni, wakaingia.

Haikuwa mnara. Ilikuwa baraza yako.

Zile lulu 6 zilizotundikwa kwenye baraza ya Nyumba ya Kilimani, ambako usiku ule mlikuwa na wageni. Nyumba yako iko kulia kwa mnara ukitokea baharini. Huku nchi kavu ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Kule mlangoni, tofauti hiyo ni mwamba mtupu. Maji yalikuwa yameanza kupwa na kuvuta, mwamba uko chini kiasi cha mkono mmoja. Mashua ilipasuka ubavu kama mimi ninavyompasua chaza. Waliokuwa mbele wakapiga mayowe kuwaambia wenzao waruke upande wa kina. Mdogo wangu hakusikia. Alibaki ameshika kikapu, boriti ya mlingoti ikamwangukia mguu.

Yeye tulimpata. Mtoto wa jirani yangu, mshika kamba wake, hatujampata. Umri wake siutaji kwa sababu mama yake hupenda kuutaja mwenyewe, anautaja kila anayepita.

Nilikuwa ufukweni na mwenge. Nilikuwa naona watu wako wamesimama barazani na bilauri mkononi, wakitazama baharini. Pengine waliona mienge yetu wakasema ni ngoma.

Siku ya tatu alikuja mtu. Nilidhani ametoka kwako na pole. Alikuwa karani wa wenye mashua, na daftari. Mdogo wangu alipewa fedha za kutanguliziwa mwanzo wa msimu, kama wazamiaji wote, na sasa hatazama tena. Kwa hiyo deni limehamia kwangu. Sawa, kwetu tumezoea, mimi mwenyewe bado nalipa la baba. Lakini karani akaendelea kusoma: jiwe moja, kibano kimoja, kisu kimoja, kamba pima 20. Vyote vilizama, vyote vimeandikwa. Kamba aliyokuwa ameshika yule mtoto imeandikwa jina la mdogo wangu. Nilimuuliza, je, ikipatikana nayo itafutwa? Akasema inategemea hali yake.

Nikajiuliza swali ambalo nakuuliza na wewe. Kwetu deni la marehemu linarithiwa mpaka kwa wajukuu, halipotei hata daftari likiloa. Mbona ahadi ya Liwali haina daftari?

Wiki iliyofuata tangazo lako likabandikwa. Nalishukuru, liliandikwa kwa hati nzuri. Lilisema ajali ilisababishwa na uzembe wa nahodha, na kwamba manahodha wote wajihadhari na mwamba. Mheshimiwa, huyo nahodha amepita mlango ule tangu ana miaka 12. Anaujua mwamba kuliko anavyozijua mbavu zake. Kosa lake ni kuamini kwamba taa inayowaka Rasi Pacha usiku wa bamvua imewashwa kwa ajili ya mabaharia.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na madai mengi. Nilitaka kisima. Nilitaka mganga, maana mguu wa mdogo wangu tumeufunga kwa vijiti vya kuti na unavimba upande mmoja, na usiku analia bila kujisikia analia. Nilitaka daftari lile lifutwe. Nilitaka mikoko ipandwe, hata kama nitakuwa nimekufa ikifika magotini. Nimeyasoma yote mlangoni pa soko jioni nne, na kila nikiyasoma naona watu wanatikisa kichwa, si kwa kukataa, kwa kunionea huruma.

Basi nayaacha. Nirudishie taa ya mnara. Moja. Unazo 6 barazani, sikuombi iliyokwenda ng'ambo. Mlinzi yupo, kata ipo, maji ya bahari bado hamjayamaliza. Mtume askari yeyote na kasha lile lile.

Na kama hiyo nayo ni kubwa, kama kuna karatasi ya ng'ambo inayosema lulu ya Liwali haiwezi kukaa mnarani, basi nipunguze tena. Bibi na Mjukuu wanakutana tena baada ya siku 11. Mashua 3 bado ziko nje, maji ya kunywa yakipimwa kwa kifuu, na usiku huo zitajaribu kuingia kwa sababu hazina namna. Tutawasha kuni juu ya mnara, tumeshaanza kuzikusanya. Moto wa kuni ni mdogo na mwekundu, lakini tumewapelekea habari kwa ngalawa kwamba washike ulio mwekundu.

Usiku huo mmoja, Mheshimiwa, naomba baraza yako isiwake. Wafunike shuka. Wamwagie maji ya mvua kama yapo. Au wageni wakae ndani.

Ni mimi,
mpasua chaza, kibanda cha pili kutoka gatini, upande wa makaburi yaliyobaki.