Utabiri wa wiki usitusahau sisi wa mwani

Mhariri,

Kila Jumapili mjukuu wangu hunisomea utabiri wa wiki katika gazeti lako. Wiki hii mmeandika: Unguja, jua, nyuzi 32, mvua kidogo Jumanne. Basi. Mimi nalima mwani Paje. Jua la Desemba nalijua bila gazeti. Upepo wa kaskazi ukishaanza, hata kuku wanahema.

Ninachotaka ni maji. Bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, linaanza lini, na maji yanatoka saa ngapi? Siku hizo ndizo tunazoshuka kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Na hiyo "mvua kidogo" ni ya asubuhi au ya jioni? Mwani ulioanikwa unataka siku mbili tatu za jua. Ukipigwa na mvua unapauka, mnunuzi anaukataa. Mwezi uliopita, wakati wa mvua za vuli, nilipoteza magunia mawili hivyo hivyo, na mlikuwa mmeandika "mawingu kiasi".

Mwani wa aina ya kotonii ndio wenye bei, lakini maji yakipata moto unaoza; wengi tumebaki na spinosamu, aina ya bei ndogo inayostahimili zaidi. Kwa hiyo joto la bahari nalo liandikwe. Nafasi ipo: punguzeni ile picha ya jua linalocheka.

Bibi mkulima wa mwani,
Paje, Unguja