Simu zako tatu niliziona

Free Area, Nakuru
Jumapili usiku

Mama Akinyi,

Hamjambo huko Kondele? Sisi tuko, mvua imetuharibia maharagwe lakini sukuma ipo. Simu zako tatu za wiki jana niliziona zote. Nilizitazama zikilia hadi zikanyamaza, maana ningesema tu "haloo" ningelia, na nakujua, ungepanda matatu usiku huo huo.

Ni hivi. Ule mgongo ulionisumbua tangu harusi ya kina Chebet, hatimaye nilienda, wakanipiga picha ya tumbo. Figo safi. Lakini chini ya karatasi kumeandikwa: kifuko cha maji, ovari ya kushoto, sentimita 3.2. Mimi, niliyeacha kuona siku zangu nikiwa na miaka 51 na sasa nina 59! Nilidhani ovari zangu zimestaafu zinakula pensheni. Aliyenipima akanipa karatasi bila neno, akaita, "Anayefuata!" Nikaikunja, nikaificha ndani ya mkebe wa majani. Siku kumi nilikunywa uji ili nisifungue ule mkebe.

Njeri alipotaka chai akaipata ile karatasi. Akanikokota kwa daktari wa akina mama. Kwanza lita nzima ya maji, nikakaa kwenye benchi nimebana miguu kama mtoto wa nasari, halafu wananiambia nenda ukojoe, tunapima kwa ndani. Kile chombo kimevishwa kondomu, Mama Akinyi. Katika umri huu!

Daktari alinichorea nyuma ya karatasi ile ile. Kifuko cha chumba kimoja, ukuta mwembamba, ndani maji matupu, hakuna nyama. Akasema wanawake wengi wa rika letu hupatikana navyo, na vya aina hii vikiwa chini ya sentimita 5 ni nadra sana kuwa saratani, vingine hunywea vyenyewe. Damu nayo wakapima, kitu kinaitwa CA-125, ambacho saratani ya ovari huweza kukipandisha. Yangu 18, mpaka ni 35. Nikamuuliza, ingekuwa 40 ningeanza kuaga watu? Akacheka. Fibroidi huipandisha, ini pia, hata TB ya tumbo. Ndiyo maana husoma damu, picha na umri kwa pamoja.

Sasa dawa niliyopewa ni kungoja! Nirudi baada ya miezi minne, na mwaka ukiisha bila kubadilika wataachana nacho. Wifi yangu anasema, "Kitoe kabla hakijakutoa." Daktari anasema kisu nacho kina hatari zake, na kukinyonya kwa sindano hataki, maji hurudi. Mchana namwamini daktari. Usiku namwamini wifi.

Jana nimekula githeri nikahisi tumbo limejaa, moyo ukaruka, kwa sababu aliniambia nikianza kushiba upesi, tumbo kuvimba, kukojoa kila saa au kuona damu tena, nisingoje hiyo miezi. Na maumivu ya ghafla na kutapika, nikimbie saa hiyo hiyo, ovari inaweza kujisokota. Lakini ile githeri ilikuwa sahani mbili, nisikudanganye.

Mambo ya chama tutaongea, sijasahau deni lako.

Niambie: kile kifuko cha dada yako kilikuwa maji au kilikuwa na nyama? Alikitoa kwa sababu gani hasa, au naye alisukumwa na watu? Baba Njeri nimwambie sasa, au nimwache hadi picha ya pili? Unajua anavyonyamaza akiogopa... Na hiyo wiki ya picha utakuja? Si lazima uingie ndani, ukae tu pale kwenye benchi unishikie mkoba. Kuna omena?

Karatasi imerudi mkebeni, lakini chai nakunywa.

Wako,
Mama Njeri