Zai, hiyo picha ya tumbusi usiiache

Shosti yangu Zai,

Za baridi huko Paris? Wanao hawajambo? Huku tuko salama, mama Rehema katoka hospitali anakusalimia sana, mengine tutaongea kwenye simu maana nimekaa niandike kuhusu ile picha uliyonitumia jana tu, ya ule mchoro wa ndege kwenye fremu dirishani mwa duka.

We umeandika "dege baya hilo" ukapita zako, mi usingizi umekata. Huyo ni tumbusi wetu Zai! Yule mkubwa mwenye kichwa chekundu kipara na ngozi za shingoni zinaning'inia, si tulimuona Serengeti na kina Kulwa? Hilo jina Oricou lililoandikwa chini ya mchoro kampa Levaillant, Mfaransa aliyezunguka Afrika Kusini kuanzia 1781 hadi 1784, vitabu vyake vya ndege wa Afrika vikaanza kutoka hapohapo Paris 1796.

Na usimwite mbaya jamani. Mdomo wake ndo unapasua ngozi ngumu ya mzoga, tumbusi wa aina ndogo wanamsubiri afungue nao wapate. Ila anataga yai moja tu, na sumu inawamaliza, simba kala ng'ombe mtu kwa hasira anatia sumu kwenye mzoga, simba anaweza asirudi ila tumbusi lazima washuke. Majangili nao wanawaua makusudi wasizunguke juu askari wakajua tembo kauliwa wapi. Botswana 2019 walikufa tumbusi 537 wa aina mbalimbali kwa mpigo kwa mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu, 14 kati yao ni aina hii ya kwenye picha. Utasema 14 si wengi, ila kwa ndege wa yai moja, na wameshaingia kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka...

Sasa ombi. Rudi dukani, mwambie mwenye duka aitoe kwenye fremu. Kama ni ya zamani kweli karatasi itakuwa imebonyea kuzunguka mchoro, maana mchoro ulichongwa kwenye sahani ya shaba, ikagandamizwa kwenye karatasi. Chukua na lenzi, ukiona vidoti vya rangi vimejipanga hiyo kopi ya juzi, na kopi sikatai ila kwa bei ya kopi.

Kinachonikwaza ni kwamba wapo wanaochana kitabu kizima cha zamani, kama hivyo vya Levaillant, wauze picha mojamoja. Muulize kitabu kiko wapi. Kama kakichana yeye usimpe hata senti, nipigie picha nzuri mbele na nyuma inatosha. Kama kilichanwa zamani huko, hela natuma. Nataka niitundike pale ofisini wafugaji wanapokuja kuandikisha kifuta jasho, simba kamla ng'ombe wake na ana hasira, hapo ndo pa kuongea habari ya sumu, huku anamwona ndege mwenyewe ukutani.

Anauza bei gani lakini? Punguzo anatoa? Inapigwa jua hapo dirishani? Lile duka Jumapili wanafungua? Na Desemba unakuja kweli au ndo kama mwaka jana, maana posta siiamini na hiyo karatasi?

Nijibu leoleo.

Neema