Bahasha aliyoituma Mungu ilitoka kwenye kopo langu

Shangazi, shikamoo.

Naanza na shikamoo kwa makusudi, maana huku Lubumbashi nimekosa wa kumpa. Wiki ya kwanza nilimwamkia mzee mmoja kanisani, akacheka mpaka akakohoa, akawaita wenzake waje wamsikie mama wa Tanzania. Basi ipokee wewe.

Mume wangu ni mwinjilisti. Tulitumwa na usharika wetu wa upande wa Tabora, na huu ni mwaka wa tatu tunaishi hapa, komini ya Katuba (komini ni kama wilaya ndani ya mji), na watoto wetu wawili. Mimi ni Msumbwa. Waumini walipojua hilo walitupokea kama ndugu waliochelewa njiani, kwa sababu Msiri, yule mtawala wa Bunkeya, alitokea kwetu, na Wayeke wa huku ni uzao wa watu aliokuja nao. Watu ni wema sana. Sitaki mtu asome barua hii adhani nailalamikia Kongo.

Yanayotusumbua ni vijambo. Hatujavamiwa, hatujalazwa. Lakini akina mama wa nyumbani walituchangia, wakageuza shilingi kuwa dola, wakatufungia kwenye kitambaa, na huku dola yenye mchaniko wa upana wa ukucha haipokelewi hata na muuza nyanya. Nilizunguka siku nzima na noti moja ya hamsini katika soko la Kenya (ndiyo, Lubumbashi kuna komini inaitwa Kenya), nikarudi nayo. Siku nyingine tuna wageni, mume wangu anamtuma kijana wa jirani mayai, analetewa maji, kwa kuwa hapa maji ni mayi na kijana alisikia alichozoea kusikia. Unga unatoka Zambia. Zambia wakibana mpakani, bei inaruka na bukari, yaani ugali, inapungua sahanini. Watoto wanasoma kwa Kifaransa, na mdogo alishaleta sifuri za dikte, yaani imla, mpaka nikaacha kuzihesabu.

Kila kijambo mume wangu anakipokea kwa neno moja: "Bwana anajua." Alikuwa nalo tangu ananichumbia, akiwa na baiskeli isiyo na breki. Neno hilo ndilo nililolipenda kwake, Shangazi, na sisemi kwamba nimeacha kulipenda.

Ila kwake kumtumaini Mungu kuna masharti. Akiba hataki, anasema ni kumwandalia Mungu mtu wa zamu, asipofika yeye ashike mwingine. Kazi ya malipo nayo hataki niifanye, eti waliotutuma wakisikia mke wa mmisionari anashona kwa pesa watasema tulifuata dola za migodi ya shaba. Ukimbishia anakuletea Arnot, yule mmisionari Mskoti aliyefika Bunkeya mwaka 1886 bila mshahara wa mtu yeyote. Siku moja nilimjibu kwamba mwaka 1886 Arnot hakuwa na mke, wala watoto wa kudaiwa minervali, ndiyo ada ya shule ya huku. Hakusema nami mpaka jioni.

Sasa nikiri. Nina cherehani niliyokuja nayo. Mume wangu anajua nawafundisha akina mama kushona bure, na ni kweli nawafundisha bure. Asichojua ni kwamba saa za mchana, akiwa kwenye ziara za nyumba kwa nyumba, nashona vitenge, ambavyo hapa wanaviita bikwembe, vya harusi na vya misiba, na ninalipwa. Nimefanya hivyo miezi kumi na minne. Pesa iko kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya gunia la makala, ndiyo mkaa wa huku.

Mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kikali na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye chumvi, umeme ulikatika siku mbili, ukarudi kwa kishindo usiku, ukaiunguza pampu ya kisima. Kisima hicho tunakitumia na nyumba sita za majirani. Fundi akasema dola mia na arobaini. Mume wangu akatangaza maombi ya siku tatu. Siku ya pili nilikuwa nachota maji kwa ndoo mtaa wa tatu, mgongo unawaka, na wale majirani sita wanapanga foleni nyuma yangu bila kusema kitu. Huko kwenye foleni ndiko nilikoamua.

Alfajiri, yeye akiwa bafuni, nilisukuma bahasha chini ya mlango wa mbele, nikarudi kitandani nikajifunika. Niliweka mia na hamsini. Zile kumi niliziongeza ili isionekane kuna mtu alipiga hesabu. Akaja kunitikisa: "Mama Neema, amka! Amka uone Mungu alivyo!" Alikuwa analia. Sijawahi kumwona analia hivyo, hata alipozikwa baba yake. Ningemwambia saa ile, Shangazi. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikasema "Haleluya."

Jumapili akashuhudia. Zile kumi za ziada ndizo zilizokuwa kiini cha mahubiri: Mungu hana ubahili, ukimwomba mia na arobaini anakupa na chenji. Kanisa likasimama. Mimi nilikuwa nimekaa na Neema, ana miaka kumi na mmoja, akaninong'oneza: "Mama, huyo malaika ana daftari langu." Bahasha nilikuwa nimeigundisha mwenyewe kwa karatasi ya miraba ya daftari lake la hesabu. Nikamfinya. Hajasema kwa mtu mpaka leo, na hilo nalo linaniuma, kwamba nimemfundisha mtoto kunyamaza.

Ingeishia hapo nisingekuandikia. Ningejichekea peke yangu jikoni.

Kuna mama mjane hapa kanisani anauza makala. Wiki ile ya ushuhuda alitoa sadaka kubwa, watu wakashangaa. Juzi akanifuata nikiwa nafua, akachuchumaa karibu na beseni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza dawa: "Mama, ile anvelopi yenu ilikuyaka siku ngapi kisha maombi?" Yaani bahasha ilifika siku ngapi baada ya maombi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Nilitoa feza ya minervali ya mutoto. Leo njo siku ya kumi na moya. Minaangalia ku mulango kila asubui." Binti yake ameshafukuzwa darasani.

Shangazi, nilishika sabuni nikashindwa kuiachia.

Nilimwambia tutaendelea kuomba. Ndiyo, mimi. Usiku nikafungua kopo: zimebaki dola sitini na mbili, na ada anayodaiwa ni karibu mia. Wazo la kwanza lililonijia ni kutengeneza bahasha nyingine. Nilishika mkasi kabisa. Kisha nikajiuliza: na wa tatu atakapokuja je, na wa nne?

La pili ni barua. Usharika wa nyumbani wameandika kwamba tumbaku mwaka huu haikuwalipa vizuri, wanaomba wapunguze nusu ya wanachotutumia. Mume wangu ameshajibu: punguzeni bila hofu, Mungu wetu ana bahasha zake. Ameieleza ile ya pampu ukurasa mzima. Barua ataibeba mzee mmoja anayesafiri kwa basi kwenda Tunduma mwisho wa mwezi. Nusu ikikatwa, hiyo nusu nyingine itatoka kwenye cherehani langu, na yeye atakuwa anamshukuru Mungu kila mwezi huku mimi nashona kwa kujificha mpaka macho yaingie ukungu.

Nikiwaza haya, Safira wa Matendo ya Mitume, yule aliyeficha pesa pamoja na mumewe akafa, ananijia usiku. Lakini Luka 8 nayo ipo, wale wanawake waliomfuata Yesu na "kumhudumia kwa mali zao", na sijasoma popote kwamba pesa zao walizipitisha chini ya mlango. Wakati mwingine nawaza pia: ile oda ya bikwembe sita vya harusi, iliyolijaza kopo wiki mbili kabla pampu haijaungua, ilitoka wapi? Mume wangu angesema anajua. Mimi siwezi kumuuliza.

Nikimwambia ukweli, naona mambo mawili. Moja, atanisamehe, maana ni mtu wa kusamehe, lakini atasimama mbele ya kanisa kufuta ushuhuda wake, hata nikimsihi asifanye hivyo, na sijui atakapoketi atakuwa mtu gani. La pili ni gumu zaidi kuliandika. Naogopa akijua ilikuwa mimi, zile bahasha nyingine zote za maisha yetu ataanza kuzikagua: fomu yake ya chuo cha Biblia iliyolipiwa na mtu asiyejulikana, dawa za Neema alipokuwa mchanga. Hizo sikuzilipa mimi, Shangazi. Sijui nani alizilipa. Lakini ataniamini?

Naomba unishauri bila kunionea huruma. Nianze na nani, mume wangu au yule mjane? Na nimtolee mjane hizo sitini na mbili mkononi, mchana kweupe, nikimwambia zilikotoka, wakati mume wangu bado hajui?

Ukiweza nijibu upesi. Ijumaa mjane anakuja kwangu kujifunza kukata mikono ya blauzi, na huwa anafika kabla ya wenzake.

Mama wa kopo,
Lubumbashi